Bembea katikati ya mji wa Tanga: maswali ninayoulizwa kila Idi

Mimi ni fundi mitambo mstaafu. Ujana wangu ulimalizikia kwenye korona, ile mashine ya kuchambua mkonge, na siku hizi sikukuu ikikaribia huitwa kutazama bembea za kukodi zinapofungwa viwanjani. Tangu nianze kusema barazani kwamba Tanga inastahili bembea za kudumu pale mjini penyewe, simu hainipi nafasi ya kumaliza kahawa. Maswali ni yaleyale, basi nimeyaandika hapa na majibu yangu, ili atakayeuliza kesho nimwonyeshe ukurasa niendelee na kikombe changu. Haya si matangazo ya Halmashauri ya Jiji wala ya mwekezaji. Sina hisa popote.

Unapendekeza kitu gani hasa?

Bembea nne au tano za kiasi, zilizojengwa ili zikae, mahali ambapo watu wa mjini wanafika kwa miguu. Gurudumu la kupandisha watu la mita 15 hadi 20, farasi wa kuzunguka, vigari vya kugongana, treni ya watoto, na jahazi la kuyumba kwa vijana wanaotaka kupiga kelele. Pembeni taa, vyoo, mabenchi, maji ya kunawa, na watu wa chakula.

Ila kabla ya kununua hata boliti moja, atafutwe mtu wa kuzitunza, na zijulikane fedha za mshahara wake na vipuri kwa miaka kumi. Hili nitalirudia mpaka mnichoke.

Kwa nini mjini? Si bora Raskazone, kuna nafasi na bahari?

Raskazone ni pazuri, sibishani na mtu. Lakini mfikirie mama wa Makorora mwenye watoto watatu. Bajaji ya kwenda na kurudi imeshakula fedha ya bembea kabla hajafika. Bembea ikiwa mjini, anatembea. Asiyetembea anakuja na baiskeli, na Tanga ni mji wa baiskeli tangu babu zetu. Kitu cha watoto kikiwekwa mahali pa kufikiwa kwa gari, kimeshakuwa cha watoto wa wenye gari.

Kuna sababu ya pili, nayo inanigusa zaidi. Pita Barabara ya Uhuru maduka yakishafungwa. Majengo mazuri ya kale, miti mikubwa, upepo mwanana kutoka bandarini, na njia nzima unamkuta mlinzi na paka wake. Ule msemo wa Tanga, waja leo waondoka leo, wageni huufasiri watakavyo. Mimi naona kila jioni ikiingia wanaoondoka mjini ni wenyeji wenyewe.

Wenzetu wa Unguja wana Forodhani. Jioni watu wanajaa pale kwa sababu chakula, bahari na mahali pa watoto kukimbia vyote viko hatua chache kutoka mitaani. Wana pia kiwanja cha kufurahishia watoto cha Kariakoo, na Pemba wana cha Tibirinzi. Mbali zaidi, Copenhagen kuna Tivoli, iliyofunguliwa mwaka 1843 nje kidogo ya lango la magharibi la mji. Mji ukakua ukaizunguka, na leo iko karibu kabisa na stesheni kuu ya reli. Mtu anashuka kwenye treni, anavuka barabara, yuko kwenye bembea.

Nafasi ya kutosha iko wapi pale mjini?

Wengi hutaja Bustani ya Jamhuri kwanza, kwa sababu ukiwa pale unaiona bandari na kisiwa cha Toten mbele yako. Nami moyo wangu uko pale. Akili hainiruhusu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Kabla mtu hajachora ramani yoyote upande ule, aende na futi kamba.

Bustani ya Uhuru ni ndogo na ina miti yake. Mtu akiniambia mti ukatwe ili farasi wa plastiki azunguke, tunakosana hapohapo.

Kwangu panapofaa ni ukingo mmoja wa viwanja vya Tangamano. Ni wazi, watu wamezoea kukusanyika pale, na watoto wa barabara za namba za Ngamiani wanafika bila kupanda kitu. Nasema ukingo mmoja. Uwanja wenyewe ni wa mikutano na shughuli za watu, ukiuziba wote kwa bembea umewapa watu kitu kimoja ukawanyang'anya kumi.

Na majengo ya kale hayatadhurika?

Yakiachwa peke yake, hayatadhurika. Usifunge waya wala taa kwenye ukuta wa Boma la zamani, usiegeshe jenereta nyuma yake, na nguzo za bembea zikae mbali. Watu wa Urithi, wale wanaohifadhi majengo ya kale ya Tanga, wameifanya kazi ya kuyatunza kwa taabu, si ya kuharibu kwa msumari mmoja.

Gurudumu linafanyaje kazi? Linaonekana zito mno kwa mota moja.

Zito ndiyo, lakini limesawazishwa. Watu wa upande huu wanapanda wakati wa upande ule wanashuka, uzito unajifuta wenyewe, na mota inabaki na kazi ya kushinda msuguano na tofauti ndogo. Mara nyingi ukitazama chini utaona magurudumu ya mpira yanayobana ukingo wa duara na kulisukuma polepole. Ndiyo maana mwendeshaji mzuri hajazi viti kwa kufuatana. Anapakia kimoja hapa, anazungusha, anapakia cha upande wa pili. Ukimwona anajaza upande mmoja tu, shuka kwenye foleni ukanywe juisi ya miwa.

La kwanza la aina hii kwa ukubwa lilisimamishwa Chicago mwaka 1893, kazi ya mhandisi George Ferris. Lilifika kama mita 80 kwenda juu, vyumba 36, kila kimoja watu 60. Mwaka huohuo 1893 ndio reli ilianza kujengwa kutoka Tanga kuelekea bara, na ndio mkonge uliingizwa nchini. Wenzetu walianza na gurudumu la kustarehe, sisi tukaanza na la kubeba mzigo. Miaka zaidi ya mia na thelathini, nadhani zamu yetu imefika.

Umeme ukikatika nikiwa juu?

Hili ndilo swali namba moja, na wanaoliuliza wengi ni akina mama. Majibu yake ni matatu. Kwanza, breki za bembea nzuri hujifunga zenyewe umeme ukiondoka. Umeme ndio unaozishikilia wazi. Gurudumu litasimama, halitarudi nyuma kwa kasi. Pili, lazima kuwe na jenereta lililojaribiwa wiki hiyohiyo. Jenereta lililofunikwa turubai tangu mwaka jana ni pambo. Tatu, hata jenereta likigoma, kuna mpini au njia nyingine ya kuzungusha kwa mikono, kiti kimoja baada ya kingine mpaka wote washuke.

Mwekezaji akija, mwombeni afanye zoezi hilo mbele ya watu, usiku, taa zimezimwa. Akikataa, mmeshapata jibu.

Na jambo dogo la kifundi: umeme wetu ni wa hezi 50. Mashine iliyotengenezewa Marekani inategemea hezi 60. Ukiichomeka hivihivi mota inakwenda mwendo mwingine kabisa, na mfumo wake wa kudhibiti unaweza kuchanganyikiwa. Nimeona watu wakilipia kontena zima bila kusoma kibao cha mota.

Mbona hukutaja ile treni ya kupanda na kushuka kwa kasi?

Kwa sababu inataka ardhi kubwa, fedha nyingi na mafundi wa kudumu, na kelele zake hazifai katikati ya mji. Halafu ni mashine isiyosamehe. Tarehe 2 Juni 2015, kule Alton Towers Uingereza, mfumo ulisimamisha treni kwa sababu gari jingine tupu lilikuwa limekwama mbele kwenye reli. Watu wakadhani mfumo umekosea, wakaupita, wakairuhusu treni. Ikagonga. Wasichana wawili walikatwa mguu mmoja mmoja. Kompyuta ilikuwa imesema kweli. Tuanze na farasi.

Chumvi ya bahari?

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo bembea nyingi za pwani zinapofia.

Kila mtu wa Tanga anajua bati la kawaida linavyogeuka hapa. Bembea ni chuma hichohicho, na zaidi, ina mabomba. Fundi asiye na uzoefu anapaka rangi nje, bembea inang'aa, watu wanapiga picha. Ndani ya bomba hewa ya chumvi imeingia kwa tundu la boliti, maji yamekaa chini, kutu inakula kutoka ndani kwenda nje. Siku utakapoiona kwa macho, umechelewa.

Hili si la kuwatisha watu. Julai 2017, kwenye maonyesho ya jimbo la Ohio, Marekani, bembea moja kubwa ya kuzunguka na kuyumba ilikatika mkono ikiwa inaendelea na mwendo. Kijana wa miaka 18 alifariki na wengine walijeruhiwa. Bembea ilikuwa imekaguliwa. Mtengenezaji alipochunguza alisema kutu iliyozidi, ndani ya boriti, ilikuwa imepunguza unene wa chuma kwa miaka. Na Ohio haina bahari.

Kwa hiyo mjini Tanga nataka nini? Chuma kilichozamishwa kwenye zinki ya moto, siyo cha kupakwa brashi. Mabomba yaliyozibwa kabisa au yenye matundu ya kutoa maji, mtu asiache katikati. Boliti za sehemu nyeti zibadilishwe kwa ratiba ya mtengenezaji hata kama zinaonekana nzima. Mashine ioshwe kwa maji baridi ya bomba mara kwa mara, hasa msimu wa upepo mkali. Na kila mwaka viungo vipimwe nyufa: unapaka dawa nyekundu, unafuta, unapaka ya unga mweupe, na ufa usioonekana unajichora wenyewe kama mstari wa kalamu. Unene wa bomba unapimwa kwa kifaa cha mawimbi ya sauti bila kutoboa. Vifaa hivi si vya ajabu. Wanaokagua matangi na mabomba wanavyo.

Na upepo?

Bembea nyingi kubwa hazitakiwi kuendeshwa upepo ukifika mita 15 kwa sekunde, yaani kilomita 54 kwa saa, na nyingine mtengenezaji anaweka kikomo cha chini zaidi. Kipima upepo kiwe juu ya mashine yenyewe. Mwendeshaji anayepima kwa kutazama minazi anakisia tu.

Wakati wa kusi, alasiri, tutakuwa na siku za kufunga. Bora mwenye mradi azihesabu tangu mwanzo kuliko kuja kuzigundua akiwa na foleni ya watu mia. Na viti vya gurudumu viwe vya kushushwa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita pwani yetu, kila mwenye kitu kirefu alikuwa na kazi ya kufanya.

Lile puto kubwa la watoto kurukia ndilo salama zaidi, si ndiyo?

Hapana, mama. Katika vitu vyote vya uwanjani, upepo ukija, hilo ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Ni tanga la jahazi lisilo na jahazi. Kanuni ya Ulaya inasema lisitumike upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa, na lifungwe kwa vigingi au uzito kila upande, kwa jumla visipungue sita. Sasa sikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa: mara ngapi mnasikia "upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa" kwa ukanda wa Pwani, na Tanga ikitajwa? Siku hiyo puto linakunjwa, hata kama ni Idi pili na watoto wanalia. Na hapa kwetu nimeyaona yamefungwa kwa kamba ya katani kwenye tairi la bajaji.

Tukinunua bembea za mtumba si tutaokoa fedha nyingi?

Mtumba si dhambi. Dunia nzima bembea zinauzwa na kuuzwa tena, na iliyotunzwa vizuri ya miaka ishirini inaweza kuishinda mpya ya hovyo. Swali ni karatasi. Kabla ya kulipa, nataka kuona kibao cha mtengenezaji chenye namba ya mashine, kitabu chake cha uendeshaji na matengenezo, kumbukumbu za ukaguzi za kila mwaka, na barua zote ambazo mtengenezaji amewahi kutuma kuhusu aina ile. Viwanda vya bembea hutoa barua za tahadhari pakitokea hitilafu mahali, wakisema badilisheni kipande hiki, msizidishe mwendo ule. Anayenunua bila karatasi barua hizo hazimfikii.

Nimeshapelekwa kutazama bembea iliyofika na kitabu cha lugha ambayo hakuna mtu hata mmoja uwanjani aliyeweza kuisoma. Mwenyewe akaniambia, "Fundi, wewe itazame tu, chuma ni chuma." Nikarudi nyumbani.

Mafundi wetu hawawezi kuzitengeneza hapahapa?

Treni ya watoto na bembea za kusukuma kwa mkono, wanaweza na wanatengeneza. Kitu kinachomwinua mtu mita kumi na tano, hapana, mpaka pawe na mhandisi aliyesajiliwa aliyepiga hesabu na kusaini. Kuchomelea tunajua. Hesabu ya chuma kuchoka, yaani kipande kinachovumilia mzigo mara moja lakini kinakatika baada ya kuubeba mara laki tano, hiyo haionekani kwa jicho la mchomeleaji hata awe bingwa. Ila matengenezo ya kila siku yafanywe na vijana wetu. Mji uliokuwa na korona na karakana za reli haukosi mikono.

Nani anakagua? Nasikia hakuna mwenyewe.

Wenyewe wapo, ila wamegawana. OSHA wanasimamia usalama mahali pa kazi kwa Sheria ya 2003. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wana ukaguzi wao wa moto na njia za kutokea. TBS wanahusika na ubora wa bidhaa zinazoingia. NEMC wana mambo ya mazingira na kelele. Jiji lina ardhi, vibali vya ujenzi na leseni. Kila mmoja anashika kipande, na kazi ya mwenye mradi ni kuhakikisha hakuna kipande kinachobaki katikati yao. Viwango vya kimataifa vya bembea vipo, ISO 17842 na kile cha Ulaya EN 13814. Mkataba na mwekezaji uvitaje kwa namba. Maneno kama "mashine za kisasa zenye ubora wa hali ya juu" hayana boliti.

Lakini mkaguzi anakuja mara moja kwa mwaka. Anayekuja kila siku ni fundi wa zamu. Nitawapa kisa kimoja. Mkesha wa Idi mmoja niliitwa kutazama bembea ya minyororo, ile ya viti vinavyoruka. Imeshafungwa, muziki umeshawashwa. Nikapitisha mkono kiti baada ya kiti. Kiti cha saba, pini ya kufungia mnyororo haipo. Pametiwa msumari wa nchi nne, umekunjwa. Kijana wa mashine akaniambia kwa upole, "Mzee, huo umeshakula Idi mbili." Sikumgombeza. Hakuna aliyemfundisha, hakuna aliyempa pini, na hapakuwa na daftari la kuandika kwamba pini imepotea. Kiti tulikiondoa. Msumari ninao mpaka leo, kwenye kopo la vifungo.

Kwa hiyo daftari. Kila asubuhi fundi anapita na orodha ya mtengenezaji, anakagua, anasaini. Kisha bembea inazungushwa tupu kabla ya mtu kupanda. Daftari likae dirishani kwa mkata tiketi, mzazi yeyote alifungue.

Ardhi ya Tanga inabeba?

Inabeba, ila ipimwe. Ukanda huu una mawe mengi ya chokaa. Ndiyo maana tuna Mapango ya Amboni kilomita chache tu kutoka mjini, na ndiyo maana saruji inatengenezwa hapa. Chokaa huyeyushwa na maji taratibu, na inaweza kuwa na uwazi ndani. Matundu machache ya uchunguzi kabla ya kumwaga zege la msingi ni gharama ndogo.

Mtu mnene akipanda bembea ya minyororo si atarushwa nje zaidi?

Hapana. Pembe ya mnyororo inategemea kasi na umbali kutoka katikati. Uzito wa mtu haumo kwenye hesabu. Shangazi na mpwa wake mwembamba wataruka sawasawa. Mnyororo wa shangazi ndio unaovutwa kwa nguvu zaidi, na hiyo ni kazi ya mtengenezaji kuipangia.

Mwanangu amekataliwa kwa ufupi na analia. Hakuna huruma?

Ile alama ya kimo mlangoni imewekwa kwa sababu kizuizi cha kiti kimetengenezwa kwa mwili wa kiasi fulani. Mtoto mfupi anapenya chini yake. Watoto wa Tanga wajanja, wanasimama kwa vidole vya miguu, na wazazi wao wanasema "mpitishe tu mwanangu, nitamshika." Humshiki. Kwenye mzunguko wa kasi mtoto wa kilo 15 huwa mzito mikononi kuliko ulivyozoea. Mpeleke kwenye treni, na umnunulie kashata.

Kanga, baibui, mtandio?

Swali zuri, na vitabu vya wageni haviliandiki kwa namna yetu. Nguo inayoning'inia karibu na ekseli au mnyororo ni hatari ya kweli. Vigari vya kugongana na treni ndivyo vibaya zaidi kwa sababu magurudumu yako karibu na miguu. Mlangoni pawe na dada wa zamu, mwanamke, awasaidie akina mama kukusanya nguo vizuri kwa heshima. Kijana wa kiume akipiga kelele "we mama, kunja baibui" watu hawatarudi, na ni haki yao. Ekseli zote zifunikwe. Na kandambili zivuliwe kabla ya kupanda jahazi la kuyumba. Nimeshapigwa na moja kisogoni.

Kelele? Pale kuna misikiti na makanisa, na watu wanalala.

Mashine zenyewe, zikiwa na mota za umeme, hazina kelele kubwa. Kelele ni za spika. Basi muziki uwe wa chini na uzimwe adhana ikianza, na Jumapili asubuhi pawe kimya. Ramadhani pafunguliwe baada ya tarawehe, mchana mafundi wapate muda wa matengenezo makubwa ya mwaka. Saa nne usiku siku za kazi, taa zipunguzwe.

Mama lishe na wauza mihogo watafukuzwa?

Wakifukuzwa, mradi utakufa, na sitausikitikia. Fikirieni: bembea inachukua dakika tatu. Familia inakaa uwanjani saa mbili. Hizo saa nyingine wanafanya nini? Wanakula mishikaki, mihogo ya kukaanga, bajia, pweza, wazee wanakunywa kahawa na kumwangalia mjukuu. Ukiweka kibanda kimoja cha soda na chipsi za bei ya hoteli, watu watapanda mara moja na kuondoka na njaa yao. Wenye biashara zao walioko eneo lile leo waandikwe kabla ya mzungushio kujengwa, wapewe meza kwanza, na kodi iwe ya jioni kwa jioni. Tena naomba kusiwe na kiingilio cha getini. Alipie anayepanda. Bibi aliyekuja kutazama tu asilipie macho yake.

Inalipa?

Tupige hesabu ya barazani. Tuseme farasi wa kuzunguka ana nafasi 20, na kila mzunguko pamoja na kupanda na kushuka ni dakika sita. Hiyo ni mizunguko 10 kwa saa, tiketi 200. Kwa shilingi 1,000, saa sita za Idi mosi zinaingiza milioni moja na laki mbili. Hapo ndipo wawekezaji wanapoacha kuhesabu.

Sasa Jumanne ya mwezi Mei, masika yamekolea. Mvua imenyesha mpaka alasiri, wamekuja watoto arobaini. Shilingi 40,000. Humo toa mwendeshaji, mtu wa mlango, mlinzi, umeme, kodi. Mwenye mashine anaanza kubana, na cha kwanza kubanwa ni kile kisichoonekana: mafuta ya beringi, pini, siku ya fundi. Hivyo ndivyo msumari wa nchi nne unavyofika kwenye kiti cha saba. Napendekeza shilingi 200 za kila tiketi ziende kwenye akaunti ya matengenezo ambayo mwenye mradi hawezi kuigusa peke yake. Mkataba ambao hauna kipengele hicho, madiwani wasiusaini.

Bembea za kukodi za Idi hazitutoshi? Zinakuja, zinaondoka, hakuna deni.

Zina raha yake, sitaki zife. Watoto wakishapewa sikukuu zao pale ndipo wanapokimbilia. Lakini kila kufunga na kufungua ni nafasi ya pini kupotea, na mashine ya siku tatu haina mtu wa kuionea uchungu. Ya kudumu ina anwani. Ikigoma, tunajua mlango wa kugonga.

Wenye ulemavu watapanda?

Wapande. Njia isiyo na ngazi, kiti kimoja cha lile gurudumu la kupandisha watu chenye sakafu pana ya kuingiza kiti cha magurudumu, na mwendeshaji asimamishe bila kukunja uso. Hili likichorwa mwanzoni ni rahisi. Likija kuongezwa baadaye, haliongezwi.

Wewe mwenyewe unapanda?

Farasi hapana, magoti. Lakini gurudumu, kila linapofungwa, mzunguko wa kwanza ni wa mifuko ya mchanga na wa pili ni wangu na yule aliyekaza boliti. Tunakaa kiti kimoja. Ninamwambia azime muziki, tusikilize beringi. Tukifika juu, kama mlio ni mmoja tangu chini, ndipo nageuza shingo kutazama bandari.